Hodi ya Serikali: Mipaka ya Askari Anapokuja Kupekua Nyumba

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona zaidi kuliko kwa sauti, nalo ni hili: Ni wakati gani askari polisi aweza kuingia nyumbani mwa mtu, akafungua masanduku yake na kuchukua mali yake? Na ni wakati gani hawezi?

Mtoto wa Kisambaa, kama mtoto wa kabila lo lote la nchi hii, hufundishwa kupiga hodi kabla hajajua kuhesabu hata kumi. Hodi si neno la adabu tu. Ni neno la kukiri ya kwamba pale mlangoni pana mpaka, na ya kwamba upande wa pili wa mpaka huo yuko mwenyewe. Mgeni hupiga hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka. Basi swali letu twaweza kuliuliza hivi: Je, serikali nayo yapasa kupiga hodi? Jibu letu ni kwamba yapasa. Lakini hodi ya serikali si sauti ya mlangoni peke yake. Ni sababu, na karatasi, na saa ya mchana, na mashahidi, na stakabadhi. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza moja baada ya moja.

Kwanza tusimulie kisa kimoja, ili tujue kwa nini jambo hili si la mawakili peke yao.

Tulipokuwa wanafunzi, katika kijiji kimoja cha milima hii alikuwako jirani yetu, fundi wa kushona nguo. Mali yake ilikuwa cherehani moja, pasi ya mkaa, na majora mawili ya vitambaa ambayo hayakuwa yake bali ya wateja. Usiku mmoja wakaja watu watatu wakasema ni askari. Walikuwa wakitafuta cherehani iliyoibwa dukani mjini. Hawakuonyesha karatasi yo yote, wala hawakumwita mwenyekiti, wala jirani hakuitwa kutazama. Wakapekua, wakachukua cherehani na pasi na yale majora, wakaenda zao. Hawakuandika kitu.

Baada ya mwezi mmoja mwizi wa kweli alijulikana, na mali ya dukani ikapatikana kwingine kabisa. Fundi akafurahi. Akachukua hati aliyopewa siku aliponunua cherehani yake, akashuka kwa miguu hadi kituoni kudai mali yake. Akaulizwa, "Stakabadhi yako iko wapi?" Hakuwa nayo. Akaulizwa, "Ni askari gani walioichukua?" Hakujua majina yao. Kitabu kikafunguliwa, na jina lake halikuwamo. Alirudi mikono mitupu, akauza mtamba wake ili awalipe wateja vitambaa vyao, na tangu siku hiyo akashika jembe. Hakuwa mwizi, wala hakushtakiwa, wala hakufungwa hata siku moja. Lakini alipoteza kazi yake yote kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuandikwa. Sisi tulikuwa watoto, tukadhani ndivyo ilivyo sheria. Baadaye tukajifunza ya kwamba sivyo.

Sasa tutazame asili ya jambo lenyewe. Wazee wetu wa Usambara walizoea serikali isiyopiga hodi. Mwaka 1897 Wadachi walitangaza kodi ya nyumba, na tangu hapo watu wa serikali wakawa na sababu ya kuzifikia nyumba za watu na kuzihesabu. Wakaja Waingereza. Mwaka 1946 wakaanzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na watumishi wa serikali wakapita mashambani kuangalia ni nani amelima matuta na ni nani hakulima; asiyelima aliadhibiwa. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa na maji, hatukatai. Lakini watu walilichukia jambo lile kwa sababu waliamriwa tu ndani ya mashamba yao wenyewe, na mpango ule haukuvuka miaka ya 1950. Kutokana na mambo kama hayo watu wengi walijenga fikira ya kwamba mtu wa serikali huingia apendapo, na ya kwamba kumwuliza sababu ni ukaidi.

Lakini hata katika nchi ya hao Waingereza, jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Mwaka 1762, huko London, wajumbe wanne wa waziri mmoja waliingia kwa nguvu nyumbani mwa mwandishi aitwaye John Entick. Walikaa humo saa nne, wakivunja makufuli, wakifungua masanduku na kusoma karatasi zake, kisha wakachukua nyingi. Walikuwa na barua ya waziri. Entick akawashtaki. Mwaka 1765 jaji Lord Camden akaamua ya kwamba barua ile haikuwa na nguvu, kwa kuwa hapakuwa na sheria yo yote iliyompa waziri uwezo wa kuitoa. Wajumbe walijitetea kwa kusema ya kuwa serikali ilihitaji kufanya hivyo. Jaji akajibu kwamba haja ya serikali si sheria. Mwandishi akapewa fidia ya pauni 300. Wamarekani walilishika fundisho hilo, na mwaka 1791 wakaliandika katika katiba yao: hati ya kupekua sharti iwe na sababu ya haki, tena itaje mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa.

Je, sisi? Katiba ya uhuru wetu ya mwaka 1961 haikuwa na sura ya haki za watu. Wala Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ilipotungwa haikuwa nayo. Ilitiwa kwa badiliko la mwaka 1984, na hata hapo mahakama zilizuiliwa kwa miaka mitatu zisisikilize madai yatokanayo na haki hizo, mpaka Machi 1988. Kwa hiyo haki hii ambayo leo twaieleza ni changa. Wako wasikilizaji wetu wengi waliozaliwa kabla yake.

Ibara tuitakayo ni ya 16. Yasema, kwa maana yake, kwamba kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake ya faragha, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Tazama neno maskani. Halikusema jumba wala nyumba ya bati. Kibanda cha udongo cha mjane kule Mlola na nyumba ya ghorofa ya tajiri wa mjini ni maskani sawasawa mbele ya Katiba. Kisha ibara hiyo yaendelea kusema ya kuwa serikali itaweka utaratibu wa sheria juu ya namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Ndiyo kusema, mlango waweza kufunguliwa, lakini kwa ufunguo wa sheria tu. Ibara ya 24 nayo yalinda mali ya mtu isichukuliwe pasipo idhini ya sheria, na ibara ya 13 yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa ana hatia. Wenzetu wa jirani wamesema wazi zaidi: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 katika ibara ya 27, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 31, zote mbili zataja upekuzi kwa jina lake.

Ufunguo wenyewe, kwa upande wa Tanzania Bara, ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Zanzibar wana sheria yao. Tuichukue sheria hii sehemu kwa sehemu.

Jambo la kwanza ni sababu. Katika kifungu cha 38 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa, mkuu wa kituo cha polisi sharti aridhike kwamba kuna sababu ya maana ya kushuku ya kwamba mahali fulani pana kitu kilichohusika na kosa, au kitakachoshuhudia kosa, au kilichokusudiwa kutendea kosa. Tena kwamba kukawia kutafanya kitu hicho kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Chuki si sababu. Fununu za kilabuni peke yake si sababu. Kusema "huyu namjua tangu zamani" si sababu.

Jambo la pili ni karatasi. Mkuu wa kituo akisharidhika hivyo, aweza kwenda kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake idhini iliyoandikwa. Hapa wanafunzi wetu waangalie vizuri. Katika nchi nyingi hati ya kupekua hutolewa na hakimu, mtu asiye polisi, ili anayetaka kuingia asiwe ndiye anayejiruhusu kuingia. Kwetu sheria imempa mkuu wa kituo uwezo huo, lakini haikumwacha bila wa kumwuliza: yampasa mapema iwezekanavyo ampelekee hakimu habari ya kwamba ametoa idhini, na sababu za kuitoa, na kilichopatikana. Kwa hiyo hakimu yumo, ingawa husikia baadaye. Wako wasemao ya kwamba hodi inayosikiwa baada ya mgeni kuingia ni hodi hafifu. Sisi twaona neno lao lina uzito, na ndiyo maana ile taarifa kwa hakimu haifai kufanywa kuwa jambo la kuandika tu na kuliweka kabatini.

Jambo la tatu ni saa. Kifungu cha 40 chasema ya kuwa hati ya upekuzi yaweza kutekelezwa siku yo yote, hata Jumapili, lakini iwe kati ya kuchomoza na kuchwa kwa jua. Akitaka kuja usiku, askari sharti aiombe mahakama ruhusa. Na sababu yake yajulikana na kila mtu. Usiku watoto wamelala, mwenyeji hana nguo za staha, jirani haoni, na ni vigumu kumtambua askari na mwizi aliyevaa kama askari.

Jambo la nne ni dharura. Sheria si mpumbavu. Yajua ya kuwa mambo mengine hayangoji karatasi. Kifungu cha 42 chamruhusu askari kuingia na kupekua pasipo hati, ikiwa ana sababu za maana za kuamini kwamba kitu kilichohusika na kosa kimo humo, na kwamba ni lazima afanye hivyo kisipotee wala kisiharibiwe, tena hali yenyewe ni nzito na ya haraka kiasi cha kuhalalisha kuingia papo hapo. Mathalani, askari wamwona mtu akikimbia na bunduki iliyotumika katika unyang'anyi, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Hakuna atakayesema warudi kituoni kuandika hati. Lakini askari aliyepata habari asubuhi, akanywa chai, akamaliza kazi nyingine, akaenda jioni bila karatasi, huyo hawezi kusema ilikuwa dharura. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuyakataa mambo ya namna hiyo: palipokuwa na muda wa kutosha wa kupata hati, nayo haikupatikana, iliuhesabu upekuzi kuwa si halali na kuviondoa vielelezo vilivyotokana nao.

Jambo la tano ni heshima ya mwili. Mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, sharti apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha kamili. Hili si hisani ya askari mwema. Ni amri ya sheria.

Jambo la sita, ambalo twaomba mlishike kuliko yote, ni stakabadhi. Kifungu kile cha 38 chamwamuru askari anayechukua kitu kutoa stakabadhi ya kukiri kukichukua, na itiwe saini na mwenye nyumba, au jamaa yake wa karibu, au mtu aliyekuwa akiitunza nyumba, pamoja na mashahidi wa upekuzi kama walikuwapo. Mahakama ya Rufani imeeleza shabaha yake: ni kuhakikisha ya kwamba kitu kilichofikishwa kizimbani kilitoka pale pale paliposemwa, wala si kwingine; na ya kwamba ikifuatwa njia hii, malalamiko ya watu kwamba wamebambikiwa kitu yatapungua sana. Mnaona, basi, ya kuwa stakabadhi ni ngao ya watu wawili. Yamlinda mwenye nyumba asipoteze cherehani yake. Tena yamlinda askari mwaminifu asisingiziwe kwamba alikuja na bangi mfukoni mwake.

Na safari ya kitu haiishii hapo. Mahakama zetu hutaka kujua kilikabidhiwa kwa nani, kikahifadhiwa wapi, kikapelekwa kwa Mkemia na nani, kikarudi lini, mpaka kilipowekwa mbele ya hakimu. Kiungo kimoja kikikatika, hasa kwa kitu kinachoweza kubadilishwa kwa urahisi kama vile unga au majani, shaka huingia, na shaka humfaa mshtakiwa. Kwa vitu visivyobadilika upesi mkononi, mahakama imekuwa na uvumilivu zaidi.

Sasa, sheria ikivunjwa huwaje? Wengine hudhani ya kuwa upekuzi mbaya humfungulia mshtakiwa mlango papo hapo. Sivyo hasa. Kifungu cha 169 chasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria hiyo usipokelewe, isipokuwa mahakama imeridhika ya kwamba kuupokea kutaleta faida ya pekee na ya kweli kwa watu wote bila kudhuru mno haki za mtu. Mahakama hutazama ukubwa wa kosa lililoshtakiwa, na ubaya wa kuvunja sheria kwenyewe, na kama ushahidi ule ungaliweza kupatikana kwa njia halali. Na mzigo wa kuonyesha ya kwamba unastahili kupokelewa ni wa yule anayetaka upokelewe, si wa mshtakiwa. Hali kadhalika, zimetokea kesi ambazo stakabadhi haikutolewa, lakini mahakama ikaikubali hati ya ukamataji mali iliyotiwa saini mbele ya mashahidi, kwa kuwa shabaha ilikuwa imetimia. Basi mahakama haichezi mchezo wa kutafuta makosa ya kalamu. Yauliza: Je, mtu huyu alitendewa haki? Je, twaweza kuamini ya kuwa kitu hiki kilitoka kwake?

Na tusiwadanganye wasikilizaji wetu: kifungu cha 38 na cha 42 si milango pekee. Ziko sheria nyingine ziwapazo maofisa uwezo wa kusimamisha, kupekua na kuchukua. Huku kwetu kwenye misitu ya Magamba, Shume na Shagayu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hujulikana zaidi kuliko nyingine, maana maofisa wa misitu waweza kutaka kibali cha mbao na kuzikamata zisizo na kibali. Iko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo yahusu simu na kompyuta. Barabarani nako, lori la kabichi na karoti likitoka Lukozi kushuka Mombo, askari aweza kulisimamisha akiwa na sababu ya kushuku. Sheria ni nyingi, lakini Katiba ni moja, na kila mojawapo yazo sharti ijibu kwa ibara ya 16. Simu mkononi mwa kijana ni mawasiliano yake ya faragha. Haikupoteza hifadhi hiyo kwa sababu ni ndogo na yaingia mfukoni.

Basi mwenye nyumba afanyeje askari wanapofika mlangoni? Twashauri hivi, kwa utulivu.

Asipigane, wala asifunge njia, wala asikimbie. Kumzuia askari aliye katika kazi yake halali ni kosa la peke yake, na mtu asiye na hatia aweza kujitafutia hatia mlangoni mwake mwenyewe. Aulize kwa heshima: "Afande, naomba kitambulisho chako na hati ya upekuzi." Aisome, au amwite mtoto wake asomaye amsomee. Kama hakuna hati, aulize sababu, na akumbuke jibu neno kwa neno. Aombe mwenyekiti wa kitongoji au jirani aitwe awe shahidi, tena shahidi huyo awepo tangu mwanzo, si kuitwa baadaye kuonyeshwa kitu kilichokwisha kutolewa. Afuatane na wapekuzi chumba kwa chumba. Kinachochukuliwa kiandikwe kwa idadi na alama zake: si "cherehani", bali aina yake na namba yake. Asitie saini karatasi asiyoisoma wala karatasi yenye nafasi tupu. Abaki na nakala ya stakabadhi, aitunze pamoja na hati ya shamba na cheti cha ubatizo au cha ndoa.

Akionewa, njia zipo. Aweza kupeleka malalamiko kwa wakubwa wa polisi wa wilaya au mkoa. Aweza kuiendea Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ibara ya 30 ya Katiba yampa ruhusa kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa huku masjala yake iko Tanga. Asiye na fedha na atafute watoa msaada wa kisheria, ambao kazi yao iliwekewa sheria mwaka 2017. Na kama ameshtakiwa, pingamizi lake alitoe mahakamani wakati kielelezo kinapoletwa, asingoje mpaka hukumu. Tena asiogope lugha: tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya mahakama zetu.

Twapenda kukumbusha jambo moja kabla ya kuagana. Mji wetu wa Lushoto una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Vijana kutoka pande zote za nchi hupanda milima hii kuja kujifunza kazi za mahakama, nao hununua matunda yetu sokoni. Ingekuwa aibu iwapo elimu hiyo ingepita mbele ya milango yetu kila siku bila sisi wenyeji kuijua hata herufi yake ya kwanza. Mahakimu hawawezi kuwapo katika kila nyumba usiku wa manane. Aliyepo ni mwenye nyumba, na mke wake, na watoto wake, na jirani. Wakijua la kuuliza, sheria ipo mlangoni. Wasipojua, sheria imebaki kitabuni.

Wala msidhani ya kuwa twafundisha watu kuwachukia askari. Askari ni watoto wetu; wengine tuliwafundisha kusoma sisi wenyewe. Mwizi akikamatwa kwa njia iliyonyoka, hana pa kuponyokea, na aliyeibiwa hupata haki yake. Akikamatwa kwa njia iliyopotoka, huenda akarudi kijijini akicheka, na kazi yote ya polisi ikawa bure. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Kwa wanafunzi watakaoulizwa darasani, muhtasari ni huu: sababu ya maana; idhini iliyoandikwa na habari kwa hakimu; mchana, isipokuwa mahakama imeruhusu usiku; dharura ya kweli, si ya kusema tu; staha kwa mwili wa mtu; mashahidi; na stakabadhi.

Yule fundi wetu amekwisha kufariki dunia. Hakuna stakabadhi itakayomrudishia cherehani yake. Lakini twamkumbuka kila tunapoandika ubaoni neno hilo refu, nasi huwaambia wanafunzi walinakili vizuri, herufi kwa herufi, maana siku moja huenda wakalihitaji kwa ajili ya baba zao.

Haya, wasikilizaji wetu, tumefika mwisho. Kaeni kwa amani, na milango yenu iendelee kupigiwa hodi. Kwaherini.